Shajara ya mradi wa daftari la mizani: kazi yetu na mafundi wa ng'ambo, Aprili hadi Oktoba 2024

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mradi umeanza rasmi leo. Kazi yenyewe ni kutengeneza programu ya simu itakayotumiwa na makarani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) mkoani Mtwara wakati wa kupokea korosho. Karani atapima gunia, ataandika uzito na daraja, atampa mkulima risiti, na taarifa itahifadhiwa ndani ya simu hata pale ambapo mtandao haupo, kisha itatumwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mradi, mtandao ukirudi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao ya mkulima huwekwa ghala kuu kwa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kilo zilizopimwa kijijini zinatakiwa zilingane na zilizopokelewa ghala kuu na zilizouzwa mnadani, na manung'uniko mengi ya wakulima huanzia pale namba hizo tatu zinapopishana.

Bajeti haituruhusu kuajiri timu nzima Dar es Salaam, kwa hiyo tumewachukua watu watatu wa kujitegemea walioko nje: fundi wa seva yuko Lahore, Pakistan, fundi wa programu ya Android yuko Lviv, Ukraine, na mbunifu wa kurasa yuko Buenos Aires, Argentina. Hatukuwachagua kwa sababu ya nchi zao wala kwa sababu ya unafuu wa bei peke yake. Kila mmoja alipewa kwanza kazi ndogo ya kulipwa, yenye maelezo ambayo kwa makusudi hayakukamilika, na tulichokuwa tunakitafuta ni nani angeuliza swali kabla ya kuanza. Aliyetuma kazi nzuri bila kuuliza chochote hatukumchukua, ingawa kazi yake ilipendeza kuliko za wengine.

Saa ya pamoja imepangwa kuwa 16:00 ya Dar es Salaam. Kwa majira haya Lviv iko sawa na sisi, Lahore wanakuwa saa 18:00 na Buenos Aires saa 10:00 asubuhi. Tumekubaliana kwamba tarehe zitaandikwa kwa jina la mwezi, kwa kuwa 03/04 inaweza kusomwa kwa namna mbili, na kwamba saa zote zitaandikwa kwa mtindo wa saa 24 zikifuata Dar es Salaam. Kanuni hii inawahusu hata makarani wetu, maana karani akiripoti kwamba programu ilizimika saa nane, fundi asiyejua tunavyohesabu saa atakwenda kuchunguza kumbukumbu za seva za asubuhi, na humo hatakuta kitu.

Tarehe ya mwisho haiahirishwi. Minada huanza Oktoba, na korosho hupokelewa vijijini kabla ya hapo.

Ijumaa, 3 Mei 2024

Wiki hii imeishia kwenye mikataba na malipo, na naandika kwa urefu kwa sababu nimeona miradi mingi ikivunjikia hapa kuliko kwenye ufundi.

Wawili kati ya mafundi tumeingia nao mkataba kupitia Upwork, tovuti inayowakutanisha wateja na watu wa kujitegemea, kwa utaratibu wa kugawa kazi katika hatua, ambapo fedha ya kila hatua huwekwa kwanza kwenye akaunti ya dhamana. Utaratibu huo unamlinda fundi, lakini unamtaka mteja awe macho: fundi akiwasilisha kazi na mteja akakaa kimya kwa siku 14, fedha huachiliwa kana kwamba kazi imekubaliwa. Kwa hiyo tumemteua mtu mmoja ofisini ambaye jukumu lake ni kuijaribu kazi iliyowasilishwa ndani ya siku mbili na kutoa jibu la maandishi, hata kama jibu lenyewe ni kwamba tunahitaji muda zaidi.

Fundi wa Lahore yeye analipwa moja kwa moja kwa benki. PayPal, huduma ya kutuma fedha mtandaoni, haifanyi kazi Pakistan, na sisi tungependelea njia inayoacha nyaraka kamili. Ugumu uko upande wetu: dola zimeadimika tangu mwaka jana, na benki inataka mkataba na ankara kabla haijapokea maombi ya kutuma. Tumemweleza wazi kwamba kutoka siku ankara inapoidhinishwa hadi siku fedha inapomfikia pana muda ambao hatuumiliki, na badala ya kumwahidi siku tutamtumia nakala ya uthibitisho wa benki punde itakapotoka.

Kuna pia kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini. Malipo ya huduma kwa asiye mkaazi yanakatwa asilimia 15, na mgogoro huzaliwa pale ambapo jambo hilo linatajwa siku ya malipo. Mkataba wa dola 1,000 unaweza kumfikishia fundi dola 850, au unaweza kumgharimu mteja takriban dola 1,176 ikiwa wamekubaliana kwamba fundi apate 1,000 kamili mkononi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa bila kusemwa. Fundi wa Lahore amechagua njia ya kwanza kwa bei iliyopandishwa kidogo, na kwa wawili wa Upwork, ambako hatuna namna ya kukata kitu njiani, kodi tumeibeba wenyewe na tumeiingiza kwenye bajeti.

Jumatatu, 13 Mei 2024

Jana nyaya za baharini za EASSy na Seacom zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini imekuwa ya kubahatisha. Kikao cha leo hakikufanyika. Mafundi watatu walikuwa tayari kwa wakati, na mteja ndiye aliyekosekana.

Yaliyotokea upande wa pili nimeyajua jioni, barua pepe zilipoanza kuingia moja moja. Fundi wa Lahore alikuwa anangoja uamuzi wetu kuhusu namba ya mkulima, kama itakuwa ile ya chama au tutunge mpya, na kwa kuwa hakupata jibu aliendelea na sehemu nyingine ya kazi isiyotegemea jibu hilo, akaeleza kwa mistari minne alichokifanya na alichokiacha. Hivyo ndivyo ninavyopima fundi wa kutegemewa: mawasiliano yakikatika, kazi yake inabaki katika hali ambayo mtu mwingine anaweza kuielewa.

Tumeongeza kanuni ya ukimya, nayo inatuhusu sote, mteja akiwamo. Mtu akijua kwamba hatapatikana kwa siku nzima ya kazi, anasema mapema na hadaiwi sababu. Asipoonekana bila taarifa, siku ya kwanza anatafutwa kwa njia ya pili, yaani ujumbe wa kawaida wa simu usiohitaji intaneti. Siku ya pili kazi yake inafunguliwa na mwenzake ili ijulikane imefikia wapi. Hakuna anayelaumiwa hadi sababu ijulikane.

Alhamisi, 20 Juni 2024

Mbunifu wa Buenos Aires ametoweka. Alipokea malipo ya hatua ya kwanza, akatuma nusu ya kurasa za hatua ya pili, akaanza kujibu kwa neno moja moja, kisha akanyamaza kabisa. Ujumbe wa simu haukujibiwa. Kanuni ya ukimya ilifuatwa hadi mwisho, na leo mkataba umefungwa na fedha ya hatua ya pili imeombwa irudishwe.

Hasara imekuwa ndogo kuliko ilivyoweza kuwa, kwa sababu moja. Tangu mwanzo faili zote za michoro zilikuwa kwenye akaunti ya mradi, siyo yake, na kila jioni ya kazi alitakiwa kuacha humo alichofanya hata kama hakijakamilika. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, nao unahifadhiwa kwenye ghala la mtandaoni la mradi, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la chama, na nywila kuu za seva ziko kwetu. Wapo wateja wanaoona aibu kudai mambo haya, wakidhani yanaonyesha kutomwamini mtu. Mimi naona kinyume chake, kwamba fundi asiyeshika funguo za nyumba hawezi kushukiwa siku kitu kikipotea.

Kurasa zilizobaki zitachorwa na msichana mmoja wa Dar es Salaam kwa malipo yaliyotengwa. Kwa mafundi wawili waliobaki sikuficha kilichotokea. Niliwaandikia siku ile ile ili wasije wakatafsiri mabadiliko ya kurasa kwa namna yao.

Fundi wa Lahore alikuwa mapumzikoni kwa Eid al-Adha tangu Jumatatu tarehe 17, kama alivyoandika kwenye kalenda ya pamoja toka Mei. Kalenda hiyo ina Saba Saba na Nane Nane zetu pia.

Jumanne, 9 Julai 2024

Lviv wanakatiwa umeme kwa zamu. Mashambulizi ya Urusi dhidi ya vituo vya kufua umeme tangu Machi yameipunguzia Ukraine uwezo mkubwa wa uzalishaji, na makundi ya wateja yanapewa ratiba ya saa za kuwa na umeme na saa za kuwa gizani. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa mgao ni nini. Sisi wenyewe tulitoka kwenye wetu mwanzoni mwa mwaka huu, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi.

Fundi wetu ametuma ratiba ya kundi lake na kupendekeza kwamba saa ya pamoja iachwe, badala yake kila mmoja aandike taarifa ya mistari michache mara tu anapomaliza kazi yake ya siku. Tumekubali bila mjadala mrefu. Taarifa hiyo inataja kilichokamilika, kinachofuata, kinachokwamisha na saa ambazo mwandishi hatapatikana. Imeandikwa kwa Kiingereza, ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yetu, na kwa hiyo tumekubaliana kutumia sentensi fupi na kuacha maneno kama "hivi karibuni" na "karibu imekwisha".

Kuna jambo nimelizingatia katika miezi hii. Fundi wa Lahore akiulizwa kama kazi itakuwa tayari Alhamisi, hujibu kwamba hakuna shida, na Alhamisi ikifika kazi inakuwa imefika robo tatu. Sioni kwamba anadanganya. Nimekulia mahali ambapo mgeni akiuliza njia haachwi bila jibu, na mtu akiombwa jambo na anayemheshimu huona vibaya kumwambia haiwezekani. Kwa hiyo nimebadilisha swali. Simuulizi tena kama itakuwa tayari, namuuliza Alhamisi saa 16:00 nitaona nini nikifungua kiungo cha majaribio. Majibu ya swali hilo yamekuwa sahihi kwa kiwango cha kushangaza, na mara mbili amejibu mwenyewe kwamba ukurasa wa risiti utaonekana lakini hautatoa namba, jambo ambalo kwa swali la zamani nisingelijua hadi siku yenyewe.

Ijumaa, 16 Agosti 2024

Majaribio ya kwanza vijijini yamefanyika wilayani Newala, karani akiandika kwenye daftari la karatasi na kwenye simu kwa wakati mmoja. Hatukuwa na korosho bado, hivyo tulipima magunia ya mahindi. Baada ya magunia machache karani aliweka kalamu chini, akamgeukia kijana wetu wa majaribio na kumwambia, "Kaka, mashine yenu inapunja."

Alikuwa amepima gunia la kilo 78.5. Kwenye daftari liliandikwa 78.5 na kwenye risiti ya simu likatoka 78. Gunia lililofuata, 81.2, likatoka 81. Kila kilichokuja baada ya nukta kilipotea, na kwa kuwa kilipotea kimya kimya bila programu kulalamika, mtu asiyekuwa na daftari pembeni asingekigundua. Kwa mkulima, nusu kilo iliyopotea kwenye gunia ina jina moja tu nalo ni wizi, na mwizi atakayeonekana ni karani aliyesimama kwenye mizani.

Kijana wetu alirekodi video na kuituma kwenye kundi la WhatsApp pamoja na maneno mawili, kwamba uzito unapotea. Video ilifika Lviv. Lahore haikufunguka, kwa sababu kwa wiki kadhaa sasa intaneti Pakistan imekuwa nzito, na hasa picha, sauti na video za WhatsApp hazipakuliki kwa wengi. Fundi wa seva, akiwa amesoma maneno mawili tu, aliamini kwamba taarifa zinapotea zikifika kwake, akatumia siku nzima kuchambua seva isiyokuwa na kosa. Wa Lviv naye alitazama video, akajaribu kwenye simu yake, na kwake programu ilifanya kazi bila tatizo.

Chanzo kilipatikana pale tulipomwomba kila mmoja aandike alichobonyeza, herufi kwa herufi. Ukraine hutenganisha kilo na sehemu zake kwa mkato: 78,5. Fundi alikuwa ameipangia programu isome namba kwa utaratibu wa simu yake na aliijaribu kwa mkato, nayo ikasoma sawasawa. Karani wa Newala anaandika nukta kama sote tunavyoandika, na programu ikikutana na nukta isiyoitambua inachukua yaliyotangulia na kuyaacha yanayofuata. Marekebisho yalimchukua fundi mchana mmoja. Tumeamua pia kwamba uzito hautahifadhiwa tena kama kilo zenye sehemu, utahifadhiwa kama gramu kamili, ili 78.5 iwe 78,500 popote itakaposomwa.

Kuanzia leo video hazikubaliki kama taarifa ya hitilafu, ingawa zinaweza kuambatishwa. Taarifa inaandikwa hivi: "Niliandika 78.5. Risiti ilionyesha 78. Nilitarajia 78.5. Simu ni itel ya Android Go. Saa 14:20, Newala, bila mtandao." Mistari hiyo inapita hata kwenye mtandao dhaifu kabisa, na inamwambia kila fundi kama tatizo ni lake au la mwenzake.

Jumanne, 27 Agosti 2024

Jana Urusi ilirusha makombora na droni kwa wingi dhidi ya miundombinu ya umeme katika sehemu kubwa ya Ukraine. Fundi wa Lviv hakuwa na taarifa ya siku. Tulifuata kanuni, tukamtumia ujumbe wa kawaida usemao tu kwamba kazi inaweza kungoja. Asubuhi hii amejibu kwamba yuko salama na familia yake na kwamba msimbo wa juzi umeshawekwa kwenye ghala. Nimesogeza mbele kazi mbili zake zisizohitajika kabla ya ufunguzi wa msimu, na sikumuuliza zaidi.

Wapo watakaosema kwamba ingekuwa busara kutafuta fundi wa nchi isiyo na vita. Hoja hiyo ina uzito, na mwezi Aprili niliifikiria. Lakini katika mradi huu aliyepotea ni mtu wa mji wenye umeme na amani, na huyu hajawahi kutuacha gizani kuhusu kazi yake, hata siku ambazo yeye mwenyewe yuko gizani.

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mwenyekiti wa chama alipiga simu mapema asubuhi. "Mwanangu," alisema, "hao watu wako wa ng'ambo wanajua kwamba korosho zimeanza kudondoka?" Nilimjibu kwamba wanajua, na nikamtumia orodha ya yaliyobaki, ambayo sasa inaenea kwenye ukurasa mmoja.

Suala zito la wiki ni taarifa za wakulima. Daftari la chama lina majina, namba za simu na namba za akaunti za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya nchi. Kwa hiyo mafundi hawajapata na hawatapata orodha halisi. Wamefanya kazi kwa majina ya kubuni, na orodha halisi itaingizwa na sisi wenyewe kwenye seva ambayo baada ya uzinduzi hawataweza kuifungua bila ruhusa ya muda.

Uamuzi huo una gharama yake. Majina ya kubuni yaliyotengenezwa Lahore yalikuwa ya Lahore, na hakuna hata moja lililokuwa na alama ya ung'ong'o ('). Tulipoingiza majina ya kubuni ya kwetu, yenye "Ng'" ndani yake, usajili ulikwama hapo hapo, kwa kuwa seva ilidhani alama ile ndiyo mwisho wa jina. Fundi aliirekebisha jioni ile ile. Sasa orodha ya majaribio inatungwa Mtwara, na mtunzi wake ni karani yule yule wa Newala, ambaye nimeanza kumlipa kwa kazi hii kama ninavyowalipa mafundi wengine.

Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Programu inatumika katika vituo vya kupokelea vya chama tangu mwanzoni mwa mwezi. Daftari la karatasi bado linaandikwa sambamba, na litaendelea kuandikwa msimu huu wote, kwa makubaliano na mwenyekiti. Hadi jana jioni kilo za simu na za daftari zimelingana, isipokuwa kituo kimoja ambako karani aliandika gunia moja mara mbili, na kosa hilo lilionekana siku hiyo hiyo.

Kwa kipindi cha msimu mafundi hawalipwi kwa hatua. Tunawalipa kiasi maalumu kila mwezi ili wapatikane kwa saa zilizokubaliwa, iwe kuna hitilafu au hakuna. Baadhi ya wenzangu waliona ni fedha ya bure. Nimewajibu kwamba fundi anayelipwa kwa hitilafu tu ataajiriwa kwingine wiki ambayo hakuna hitilafu, naye atakuwa sahihi. Wa Lahore amechukua zamu ya asubuhi kwa kuwa yuko saa mbili mbele yetu, na anapofungua kompyuta yake makarani bado hawajafungua mizani, hivyo nakala za taarifa zilizohifadhiwa usiku zinakaguliwa kabla ya gunia la kwanza. Wa Lviv anashika alasiri na jioni, wakati simu za vijijini zinaporudi kwenye mtandao na kutuma ya mchana kutwa.

Jumapili ya tarehe 27 Ukraine inarudisha saa nyuma, na Lviv itakuwa saa moja nyuma yetu hadi Machi. Ratiba mpya ya zamu imeshatumwa, ikiwa na saa za Dar es Salaam pekee, na wote wawili wameithibitisha kwa maandishi. Ankara ya Septemba ya fundi wa Lahore bado iko benki ikisubiri dola; nakala ya maombi ametumiwa, na Jumatatu nitakwenda mwenyewe kuifuatilia.